Kifungu Tulichokiacha Wazi

Loretta Batchelder aliingia ukumbi wa michezo wa shule kwa mkutano wa mwaka wa mji akiwa na buti za shambani na koti la marehemu baba yake, akaja moja kwa moja nilipokaa, akanisukuma kwa nyonga nimpishe kiti.

"Wamekuja wangapi wenu?" akauliza.

"Sisi hatuhesabiani, Loretta. Kila mtu ni mtu mzima."

"Marlys, nyumba inayopigiwa kura leo ni yangu. Wamekuja wangapi?"

"Sitini. Labda na ushee."

Akashusha pumzi. Hakuwa mmoja wetu, na hakutaka kuwa. Nilipohama Minnesota miaka kumi na minne iliyopita na kufungua karakana ya kutengeneza misumeno ya petroli hapa Tilden Hollow, New Hampshire, pamoja na wenzangu tunaotaka serikali iwe ndogo kabisa, ni yeye aliyetubandika jina: kanisa la wachukia kodi. Kila alipoleta msumeno wake alinichokoza mpaka umalizike kutengenezwa. Yeye alikuwa mtu wa chama cha Tembo, yaani Republican, kama baba yake na babu yake, na alisema hivyo kama mtu anavyotaja kundi lake la damu. Lakini Januari, madiwani walipobandika orodha ya vifungu vya mkutano wa mwaka kwenye mlango wa posta, alikuja karakana ameikunja karatasi mkononi.

"Haya, watu wa uhuru," akasema. "Leo nina shida nanyi."

Kifungu cha kumi na nne kiliwaomba wananchi wawape madiwani ruhusa ya kutwaa shamba la Batchelder kwa nguvu ya sheria, ekari ishirini na moja, ili barabara mpya ipite juu ya kilima. Nyumba ingebomolewa, na banda la kuchemshia utomvu, na mepo mia sita. Mepo ndiyo miti tunayoitoboa kila Machi tupate utomvu wa kuchemsha uwe asali ya miti, na ni miti isiyo na haraka. Ukipanda mmoja leo, utausubiri miaka arobaini kabla ya kuutundikia ndoo ya kwanza. Mepo za Loretta zilipandwa na babu wa babu yake. Yeye ana miaka hamsini na sita, hana mume wala mtoto, na ameishi ndani ya nyumba ile tangu siku aliyozaliwa. Walimwambia atafidiwa. Aliwauliza kama watamfidia na ile miaka arobaini, wakamjibu kwamba hilo halimo kwenye fomu.

Nisiseme upande mmoja tu. Barabara ya bondeni, ile ya zamani, hujaa maji kila theluji inapoyeyuka. Miaka miwili nyuma, mwezi wa Aprili, gari la wagonjwa lilikwama pale likiwa na Harvey Foss ndani, moyo umemshika. Alifia njiani, mkewe Noreen ameshika mkono wake, maji yamefika kwenye milango. Noreen alikuwa amekaa safu ya tatu mbele yetu siku ile, sweta la buluu, mgongo umenyooka. Nampenda Noreen. Nilimpelekea mchuzi wa nyama wiki nzima baada ya mazishi, na sikumchukia kwa kutaka barabara.

Niliyemchukia alikuwa Washington. Fedha zilizotoka huko zilikuwa za kujenga barabara mpya peke yake. Kuinua ile ya zamani futi sita, jambo ambalo lisingembomolea mtu hata banda la kuku, hakukuwa na fungu. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa ndiyo sera. Nani aliitunga? Hajulikani. Anaishi wapi? Si hapa.

Mbele yetu alikaa Thad, ndevu mpaka kifuani, kijana aliyehama Texas na kompyuta tatu na mbuzi wawili. Yeye ndiye aliyezijua taratibu za mikutano kuliko sisi sote. Akageuka nyuma akanong'ona, "Mmewaona Gilman na Judith wamekaa meza moja?"

Gilman ni diwani wa Tembo na Judith Kessler ni diwani wa Punda, chama cha Democratic, na kwa miaka mitatu walikuwa hawajanywa kahawa kutoka birika moja. Wamegombana juu ya mipaka, juu ya bunduki, juu ya vitabu vya maktaba, juu ya nani aliiba uchaguzi gani. Leo walikuwa wanapeana kalamu.

"Ukiona tembo na punda wamekubaliana," akasema Thad, "shika mfuko wako."

"Shika nyumba yako," akasema Loretta.

Wanasema wapiganapo tembo nyasi huumia. Mimi nimeishi Marekani miaka sitini na moja na nimegundua kwamba nyasi huumia hata wakipatana.

Kifungu cha kumi na nne kilifika saa nne na nusu. Winslow Crockett, mwenyekiti wetu wa mkutano, mzee mwembamba ambaye hajawahi kumpendelea mtu hata ndugu yake, alikisoma chote bila kupandisha sauti. Gilman akazungumza, Judith akazungumza. Noreen naye akasimama, akasema maneno machache tu: kwamba Harvey alimuuliza mara tatu mbona hatuendi, na kwamba hakuwa na la kumjibu. Akakaa. Mashine ya kahawa ilikuwa inakoroma jikoni.

Nikasimama. Mdomo wangu haujawahi kuninyima kitu.

"Noreen, sina neno la kukupinga kuhusu Harvey," nikasema. "Nina neno na wanaotulazimisha. Washington inasikiliza simu zetu. Inapigana vita ambavyo hakuna hata mmoja humu aliyeulizwa. Inaweka ushuru kwenye masufuria ya kuchemshia yanayotoka Kanada, halafu inatwambia ni kwa faida yetu. Sasa inaturudishia hela zetu wenyewe zikiwa na kamba, na kamba yenyewe inaishia shingoni kwa Loretta. Tukitaka barabara, tuinue ile tuliyonayo kwa mikono yetu. Mimi nitakuja na koleo. Lakini mtu akisema siuzi, amesema siuzi. Kama neno lake si kitu, basi hakuna mwenye nyumba humu. Sote ni wapangaji."

Gilman hakukasirika. Alisema tu, "Marlys, hakuna barabara uliyowahi kuendeshea gari ambayo haikupita shambani kwa mtu."

Hilo lilinichoma, kwa sababu ni kweli.

Tukapiga kura ya karatasi, foleni ndefu kuzunguka uwanja wa mpira wa kikapu mpaka kwenye sanduku la mbao. Winslow akasoma matokeo saa tano na nusu. Waliokubali, mia moja thelathini na tisa. Waliokataa, mia moja arobaini na nane. Kifungu kimeanguka.

Loretta hakushangilia. Aliinamisha kichwa mpaka magotini, mabega yakawa yanacheza, nikajua analia. Nikamwekea mkono mgongoni. Sijui kama nimewahi kufurahi vile.

Sasa sikiliza jambo tunalolifanya kwenye mikutano yetu. Kura ikishapigwa, yeyote anaweza baadaye siku hiyohiyo kuomba kifungu kirudiwe, na wengi waliobaki ukumbini wakikubali, kinapigiwa kura upya. Kwa hiyo upande ulioshinda, ukiwa na akili, husimama papo hapo na kuomba kifungu kifungwe. Kikifungwa kimefungwa, hata watu wakienda nyumbani. Kila mtoto wa New Hampshire anajua hili kabla hajajua kuendesha baiskeli.

Thad alikuwa ameshasimama, karatasi mkononi. "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba kifungu cha kumi na nne kifungwe."

Nami nikamwona Noreen. Alikuwa ametazama mbele, mikono mapajani, kama alivyokaa kanisani siku ya mazishi. Pale pale nikahisi aibu. Tumemshinda, na sasa tunataka kumziba mdomo! Si ndiyo kazi ya wale wa Washington, kupiga rungu kisha kupiga kufuli? Nikasimama bila kufikiri zaidi.

"Napinga," nikasema.

Thad aligeuka akanitazama kana kwamba nimemtemea mate. "Marlys, kaa chini."

"Sikai. Sisi tunasema hatumfungi mtu mikono. Basi tusimfunge. Kama kuna mwenye neno jipya, alilete, tutalijibu. Aliyeshinda kwa hoja haogopi mlango wazi."

Wakapiga makofi. Watu wetu walipiga makofi, hata Judith Kessler alipiga. Winslow akaita mikono, na hoja ya kufunga ikaanguka, tena iliangushwa na sisi wenyewe. Wenzangu sitini walinyanyua mikono yao juu, nyuso zimewaka kwa wema. Nami nilikuwa wa mbele yao.

"Umefanya nini?" Thad akaniambia kwa sauti ya chini. "Hebu niambie umefanya nini."

"Nimefanya tunachohubiri."

"Kuhubiri ni bure, mama. Wewe umehubiri kwa gharama ya nyumba ya mtu."

"Acha woga, Thad."

Loretta alikuwa anajipangusa macho, hakusikia vizuri. Akauliza, "Kuna nini?" Nikamwambia ni taratibu tu.

Saa sita tukala. Wazazi wa shule waliuza maharage ya kuoka, nyama ya nguruwe na vipande vya keki ya tufaha, kama kila mwaka. Nje jua lilikuwa kali kwa namna tuliyokuwa tumeisubiri wiki tatu: baridi ya kuuma usiku, joto mchana. Maana yake utomvu unapanda. Theluji ilikuwa inadondoka kutoka mapaani, na kila mwenye mepo ukumbini alianza kuangalia dirishani badala ya sahani yake.

Loretta alisimama mlangoni akavuta hewa puani. "Ndoo zitakuwa zimejaa mpaka zinamwagika," akasema. Kisha akaniangalia. "Nibaki?"

Vilikuwa vimebaki vifungu kumi na moja: paa la maktaba, gari la kusukuma theluji, uzio wa makaburi. Utomvu haungoji. Ukikaa na joto unachacha, na msimu wenyewe ni wiki nne.

"Nenda kachemshe," nikamwambia. "Imekwisha."

Akanikumbatia. Loretta Batchelder, aliyeniita mchungaji wa kanisa la wachukia kodi, alinikumbatia mbele ya watu, koti linanuka moshi wa banda, akaenda.

Na wetu wakaenda. Wengine walikuwa na ndoo zao, wengine mbuzi, wengine watoto. Wengine waliondoka kwa kanuni kabisa! Abner, jirani yangu, alivaa kofia akasema, "Uzio wa makaburi si shauri langu. Mimi simtawali mtu, hata maiti," akacheka sana, akatoka. Nilicheka naye. Hatuna kiranja, hatuna orodha, hatumwambii mtu akae au aende. Ndivyo tulivyo, na nilijivunia.

Saa nane mchana, tukiwa kwenye kifungu cha makaburi, niliona watu wanaingia. Wawili, halafu wanne. Wengine walikuwa watu ambao asubuhi sikuwaona kabisa, wake na waume wa wale waliokuwepo, wamevaa makoti juu ya nguo za nyumbani. Walikaa nyuma kimya. Gilman alikuwa mlangoni anawaonyesha viti.

Nikahesabu. Mimi nisiyehesabu watu, nilihesabu mara mbili. Wetu walikuwa ishirini na nane.

Saa nane na nusu Noreen Foss alisimama. "Mheshimiwa mwenyekiti," akasema, "naomba tukirudie kifungu cha kumi na nne."

Nikainama kuelekea kiti cha mbele.

"Thad," nikasema. Lakini Thad alikuwa tayari amesimama, funguo za gari mkononi. Simu hazishiki mtandao kwenye bonde letu, hilo kila mtu anajua. Ukimtaka mtu, unamfuata.

"Nipe nusu saa," akasema. "Nitaanza kwa Abner, nichukue nitakaowakuta njiani, nimalizie kwa Loretta. Wachelewesheni. Na wewe, Marlys, kwa jina la Mungu, usiwe mwema mpaka nirudi."

Akatoka mbio.

Winslow akaniangalia kwa jicho la huruma, lakini utaratibu ni utaratibu. Akaita mikono kama kifungu kirudiwe. Wakashinda bila shida. Mjadala ukafunguliwa, nami nikasimama nikazungumza. Nilizungumza juu ya mepo. Nilizungumza juu ya Katiba. Nilizungumza juu ya sera za barabara, juu ya deni la taifa, juu ya uwanja wa ndege fulani waliojengewa watu wasiosafiri. Nilikuwa najisikia nikiongea kama mbunge, na ninavyowadharau wabunge! Baada ya dakika kumi mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "Marlys, tumekusikia!" na wengine wakacheka, nikakaa jasho linanitoka.

Bado kulikuwa na jambo moja. Watu watano wakiandika majina kuomba kura ya siri, lazima ipigwe kwa karatasi, na karatasi inachukua muda. Niliandika jina langu, nikapata wanne wengine, nikampelekea Winslow. Akasoma, akainamisha kichwa kukubali, akasema vema.

Foleni ikaanza saa tisa na dakika tano. Nilisimama mwisho kabisa. Kila aliyeingia mlangoni alinifanya nigeuke shingo. Wetu wawili waliingia, waliokuwa wamesahau kofia. Na wa upande wao watatu. Kisha wetu wengi wakaingia kwa mpigo, Abner akiwa wa kwanza, wamekuja kwa magari yao baada ya Thad kuwapigia hodi. Abner hakuwa anacheka tena. Wakajiunga nyuma yangu, nikawapisha wote mbele ili niendelee kuwa mkia.

"Loretta yuko wapi?" nikamuuliza.

"Thad amekwenda kumchukua, na wale sita wa kilimani. Lakini bondeni kumejaa maji, Marlys. Jua limeyeyusha kila kitu. Itabidi wazunguke kwa daraja la juu."

Maili kumi na moja. Noreen alikuwa amesimama karibu na sanduku na aliyasikia yote, na uso wake haukuonyesha ushindi wowote.

Foleni ikafupika. Watu ishirini, kumi, watatu. Nikafika mbele ya sanduku, karatasi yangu imekunjwa mara nne, nikasimama. Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Sanduku haliwezi kufungwa mpaka wa mwisho kwenye foleni apige kura. Nilikuwa ndiye wa mwisho.

"Marlys," akasema Winslow.

"Nafikiri."

"Fikiria upesi."

Nilifikiria dakika moja. Nilifikiria mbili. Ukumbi ukaanza kuguna. Gilman akasema kwa sauti, "Huo ni mchezo wa kitoto!" na kijana mmoja wa kwao akapiga mguu sakafuni, wengine wakafuata, ukumbi wote ukawa unadunda. Dakika tano. Dirishani niliona barabara ya shule mpaka kwenye kona, haina kitu, inang'aa maji.

"Sheria haisemi nitumbukize kwa dakika ngapi," nikasema.

"Haisemi," akakubali Winslow. "Nakuuliza tu kama mtu ninayemheshimu."

Dakika nane. Ndipo Noreen akaja akasimama karibu yangu, karibu kiasi kwamba hakuna mwingine aliyemsikia.

"Harvey aliniuliza mara tatu mbona hatuendi," akasema. "Unakumbuka nilivyosema?"

"Nakumbuka, Noreen."

"Sikuwa na la kumjibu. Sasa nakuuliza wewe. Mbona hatuendi?"

Asubuhi nilikuwa nimewaambia watu hawa kwamba aliyeshinda kwa hoja haogopi. Sasa nilikuwa nimelishika sanduku la mji mzima mateka kwa karatasi moja, mjane ananiomba kwa upole, na kila jicho linaniona jinsi nilivyo. Nilishindwa kuvumilia. Hiyo ndiyo kweli yote: sikuweza kuvumilia kuonekana vile.

Nikatumbukiza.

Winslow akalifunga sanduku kwa ufunguo mdogo wa shaba. Makarani wawili wakaanza kuhesabu. Hawajafika nusu, nikasikia gari la Thad kabla sijaliona, linapanda kilima kwa gia ndogo, linalia. Mlango ukafunguka. Akaingia Thad, akafuatwa na watu sita wa kilimani, na nyuma yao Loretta, kichwa wazi, nywele zimelowa mvuke, mkono mmoja umefungwa kitambaa.

"Niko hapa," akasema. "Niko hapa, Winslow. Nipe karatasi."

"Sanduku limefungwa, Loretta."

"Limefungwa lini?"

Mzee wa watu aliangalia saa yake, na nikaona alitamani isiwe na mshale wa dakika. "Dakika mbili zilizopita," akasema.

Loretta hakubishana. Alisimama katikati ya uwanja wa mpira, matone ya maji yakimdondoka kwenye buti, mpaka makarani walipomaliza. Waliokubali, mia moja na kumi na tisa. Waliokataa, mia moja na kumi na tano. Kura nne. Nane zilikuwa zimesimama mlangoni.

Kabla watu hawajakaa vizuri, Gilman aliomba kifungu kifungwe, na kikafungwa kwa mikono, haraka, hata sekunde ishirini hazikwisha. Hakuna aliyesimama kuzungumzia milango wazi.

Loretta akatoka nje. Nilimfuata. Maegesho yalikuwa tope tupu, naye alikuwa ameegemea gari la Thad akiufunua mkono wake, ngozi imebabuka kutoka kiganjani mpaka kwenye kifundo.

"Nililivuta sufuria kwa mkono," akasema bila kuniangalia. "Sikupata muda wa kupunguza moto. Limeungua lote."

"Twende nikakuangalizie huo mkono."

"Thad ameniambia njiani. Kwamba asubuhi alitaka kufunga."

"Ndiyo."

"Na ameniambia nani aliyekataa."

"Ni mimi, Loretta."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayeambiwa bei ya kitu. "Na Abner ameniambia sasa hivi pale mlangoni kwamba ulikuwa umeishika karatasi. Ungeishika dakika mbili zaidi."

"Noreen alikuja. Aliniambia..."

"Sitaki kujua Noreen alikwambia nini. Noreen anapigania jambo lake. Simlaumu hata kidogo. Ningekuwa yeye ningefanya vilevile." Sasa akaniangalia, na macho hayakuwa na machozi. "Miaka kumi na minne nakusikia ukisema Washington ni mkarimu kwa mali ya watu. Anagawa kisicho chake, halafu analala usingizi wa mtakatifu. Si ndivyo unavyosema? Leo ulitaka kuwa mwema mara mbili, Marlys. Asubuhi na mchana. Uliulipia wema huo kwa mali ya nani?"

Nina majibu ya kodi, ya vita, ya ushuru, ya mipaka. Nimewahi kubishana na seneta mbele ya kamera akabaki anafunga vifungo vya koti.

"Kwa nyumba yako," nikasema.

"Kwa nyumba yangu," akasema Loretta. Akafungua mlango wa gari kwa mkono ule mzima, akaketi, akamngoja Thad amrudishe nyumbani, kwa daraja la juu.